Uzi: Kutengeneza unga wa nano wa lithiamu-chuma-fosfati kwa kathodi ya betri, kuanzia kinu cha gololi hadi seli ya kwanza

#1 Mpishi wa Unga (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu maswali ya vijana wa kemia na uhandisi wanaotaka kutengeneza kathodi, yaani upande chanya, ya betri ya lithiamu katika maabara za vyuo vyetu, na karibu wote huanza na swali moja: nifanyeje chembe ziwe ndogo zaidi? Swali hilo ni la haki, lakini linaficha ugumu wa kazi yenyewe. Kinu kizuri na subira vitakupa chembe ndogo. Tabu iko katika kupata chembe ndogo ambayo njia zake za ndani hazijaziba, ambayo chuma chake hakijapata kutu ndani ya tanuru, na ambayo imevikwa kaboni ya kutosha kupitisha elektroni bila unga kuwa mwepesi kama jivu kiasi cha kutojaza seli.

Nitashughulika na mata moja, yaani lithiamu-chuma-fosfati, LiFePO4. Haina kobalti wala nikeli, malighafi zake haziumizi mfuko wa maabara ndogo, na historia yake kwa sehemu kubwa ni historia ya watu kuhangaika na ukubwa wa chembe.

Mwaka 1997 Padhi, Nanjundaswamy na Goodenough, wakiwa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, walichapisha matokeo yao kuhusu fosfati zenye umbo la madini ya olivini. LiFePO4 ilitoa takriban volti 3.4 dhidi ya lithiamu, na kwa hesabu ya masi yake ingepaswa kubeba karibu mAh 170 kwa kila gramu. Hata hivyo waliweza kuitoa na kuirudisha takriban sehemu 0.6 tu ya lithiamu iliyomo, tena kwa mkondo mdogo sana. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mata hii haipitishi elektroni: upitishaji wake ni kama simensi 10⁻⁹ kwa sentimita, ambao kwa fundi wa umeme ni karibu sawa na kusema ni kihami. Ya pili ni kwamba ioni za lithiamu hujikokota ndani ya fuwele yake.

Hapo ndipo udogo unapoingia. Muda wa ioni kusafiri ndani ya chembe hufuata mraba wa umbali, ukigawanywa kwa kizio cha mtawanyiko, yaani namba inayoonyesha wepesi wa ioni kusambaa ndani ya mata. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu, kizio cha 10⁻¹⁴ sentimita mraba kwa sekunde. Umbali wa mikromita 1 utadai sekunde milioni moja, yaani siku kumi na moja na nusu hivi. Umbali wa nanomita 50 utadai sekunde 2,500, ambazo ni dakika 42. Mata ni ile ile, kemia ni ile ile, na tumefupisha safari mara ishirini tu, lakini muda umepungua mara mia nne.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya utangulizi havilitaji. Lithiamu katika fuwele hii haitembei kila upande. Hupita katika mifereji iliyonyooka, inayolala sambamba na mhimili mmoja wa fuwele. Hesabu za kompyuta za kundi la Ceder zilionyesha hivyo mwaka 2004, na mwaka 2008 Nishimura, Yamada na wenzao huko Japani wakaliona kwa kipimo cha nyutroni. Mfereji wa aina hiyo ni kama kichochoro cha mji wa kale kinachopitisha mtu mmoja mmoja: akisimama mwenye mkokoteni katikati, walio nyuma yake wote wamekwama. Mwenye mkokoteni hapa ni ioni ya chuma iliyokaa mahali pa lithiamu. Ndani ya mfereji, makao ya lithiamu yamepangana kila nanomita 0.3, kwa hiyo mfereji wa mikromita 1 una makao kama 3,300, na ikiwa asilimia moja ya makao hayo yamekaliwa na chuma, kuna vizuizi 33. Katika chembe ya nanomita 50 kuna makao 167, na vizuizi ni kimoja au viwili. Lithiamu iliyo kati ya kizuizi na mlango bado inaweza kutoka. Iliyonaswa kati ya vizuizi viwili haitoki kwa urahisi.

Lakini udogo una gharama. Densiti ya fuwele ni gramu 3.6 kwa sentimita ya ujazo. Chembe za mviringo zenye kipenyo cha mikromita 5 zitakuwa na uso wa mita mraba 0.33 kwa gramu, na zile za nanomita 50 zitakuwa na mita mraba 33. Uso huo wote utadai kaboni, utadai gundi na utanyonya unyevu. Tafadhali uliza maswali, nami nitajibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu.

#2 Binti Maabara

Shikamoo, Mwalimu. Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Tunacho kinu cha gololi za zirkonia, tanuru la bomba na mtungi wa nitrojeni. Nilichanganya oksalati ya chuma, kaboneti ya lithiamu na amonia-fosfati, nikachoma kwa nyuzi 700 kwa saa kumi. Unga ulitoka na rangi ya matofali juu na kijivu chini. Kipimo cha eksirei kinaonyesha vilele nisivyovitambua. Je, nilikosea vipimo au joto?

#3 Mpishi wa Unga

Marahaba, binti. Rangi imekwisha kukujibu. LiFePO4 isiyo na kaboni ni ya kijivu hafifu, na ikivikwa kaboni ni nyeusi. Wekundu maana yake ni kwamba oksijeni iliingia, ioni za chuma zikapoteza elektroni moja zaidi, na ukapata Li3Fe2(PO4)3 pamoja na oksidi ya chuma, Fe2O3, ambayo ndiyo kutu unayoiona kwenye mabati. Kwamba wekundu uko juu na kijivu kiko chini kunaonyesha hewa ilitoka ndani ya bomba, si ndani ya unga.

Yalinipata mimi pia. Katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi, unga wangu ulitoka mwekundu mara tatu mfululizo, nikabadilisha kila kitu isipokuwa gesi, kwa sababu mtungi ulikuwa na lebo inayosema nitrojeni safi. Mara ya nne nilipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira na kuona mapovu mahali ambapo bomba la gesi linaingia kwenye tanuru. Anza na sabuni. Kisha, kabla ya kuwasha tanuru, pitisha gesi kwa nusu saa au zaidi ili isukume hewa nje, na usifunge gesi mpaka tanuru lishuke chini ya nyuzi 100, kwa sababu chembe ndogo zilizo moto hudaka oksijeni haraka kuliko unga wa kawaida. Ukiweza kupata mchanganyiko wa arigoni na asilimia 5 ya hidrojeni, ni bora zaidi, mradi sheria za usalama za maabara yenu zinaruhusu.

Sasa vipimo. Mlinganyo wa njia uliyoitumia ni huu:

2 FeC2O4·2H2O + Li2CO3 + 2 NH4H2PO4 → 2 LiFePO4 + 2 NH3 + 3 CO2 + 2 CO + 7 H2O

Kwa gramu 10 za zao unahitaji gramu 11.40 za oksalati ya chuma, gramu 7.29 za amonia-fosfati na gramu 2.34 za kaboneti ya lithiamu. Ukijumlisha utaona kwamba umeingiza gramu 21 na utatoa 10. Zaidi ya nusu ya uzito hutoka kama gesi. Tazama upande wa kulia wa mlinganyo kwa makini: kuna amonia, ambayo pua itakuonya, na kuna monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua. Mdomo wa bomba lazima uelekezwe kwenye kabati la kuvuta moshi. Hili silisemi kwa kutimiza desturi. Niliwahi kukuta tanuru la namna hiyo likitoa gesi katikati ya chumba ambamo wanafunzi wanane walikuwa wamekaa wakisoma.

Kwa sababu ya gesi hizo, usichome mara moja hadi mwisho. Saga mchanganyiko kwa saa sita hivi ukiwa umelowa ethanoli, ukaushe, kisha uchome kwa nyuzi 350 kwa saa tano ili gesi zitoke. Utoe, usage tena, na hapo ndipo uchome mara ya pili. Ukiruka usagaji wa kati, unga uliovimba kwa gesi utabaki na mianya, na lithiamu haitafika kila mahali.

Kuhusu joto la pili kuna mvutano wa kweli. Yamada na wenzake mwaka 2001 walieleza kwamba unga usio na kaboni hufanya vizuri ukichomwa kati ya nyuzi 500 na 600: chini ya hapo chuma cha chaji +3 hubaki, juu ya hapo chembe hukua na kushikana. Lakini kaboni inayotokana na sukari haipitishi umeme vizuri ikichomwa chini ya nyuzi 600. Inahitaji kukaribia 700. Kwa hiyo joto linalojenga kaboni nzuri ndilo linalokuza chembe. Kinachotuokoa ni kwamba kaboni, ikiwa imeshaizunguka chembe kabla ya joto kupanda, huizuia isiungane na jirani yake. Ndiyo maana glukosi huongezwa kabla ya uchomaji wa pili. Mimi huchoma kwa nyuzi 650 hadi 680 kwa saa nane. Ukizidisha sana joto mbele ya kaboni, fosfati yenyewe huanza kuharibika na kutoa fosfidi ya chuma. Fosfidi hiyo hupitisha umeme, na kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana kama maboresho fulani yalitokana na ioni ngeni zilizochopekwa ndani ya fuwele au na nyuzi hizo za fosfidi na kaboni kwenye uso. Kwa mwanafunzi anayeanza, ni uchafu, na haibebi lithiamu.

#4 Mzee Kemia

Nimesoma kwa furaha, ndugu mleta uzi. Nami niongeze njia ambayo naiona bora kwa nchi zenye umeme wa kukatika: njia ya maji moto chini ya shinikizo. Mwaka 2001 Yang, Zavalij na Whittingham walionyesha kwamba LiFePO4 inaweza kupatikana ndani ya maji kwa saa chache, kwa joto la nyuzi 120 tu. Unayeyusha salfati ya chuma, asidi ya fosforiki na hidroksidi ya lithiamu, unafunga katika chombo cha chuma cha pua chenye kikombe cha teflon ndani, unakiweka kwenye oveni. Huhitaji tanuru usiku kucha wala usagaji wa saa nyingi, na chembe hutoka zikiwa na umbo moja. Kwa nini tuwafundishe vijana kusaga mawe wakati fuwele hujijenga yenyewe?

#5 Mpishi wa Unga

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kwamba umbo la chembe ni zuri sana kwa njia hiyo, na mimi mwenyewe naitumia. Naomba nieleze mahali inaponitia wasiwasi, ili vijana wasidhani kwamba joto dogo ni faida tupu.

Mlinganyo ni 3 LiOH + FeSO4 + H3PO4 → LiFePO4 + Li2SO4 + 3 H2O. Kati ya ioni tatu za lithiamu unazonunua, moja huingia katika zao na mbili huondoka na maji ya kuoshea kama salfati ya lithiamu. Kiwandani maji hayo hukusanywa na lithiamu hurejeshwa. Katika maabara zetu humwagwa kwenye sinki. Anayepanga bajeti ajue hivyo, na anayejali mto ulio nyuma ya chuo ayaweke maji hayo katika dumu na kuyakausha.

La pili ni wale wenye mkokoteni niliowataja. Kwa nyuzi 120 fuwele hujijenga haraka kuliko ioni zinavyoweza kujipanga, na kundi hilo hilo la Whittingham lilikuta kama asilimia 7 ya chuma katika makao ya lithiamu. Rudi kwenye hesabu yangu ya kwanza: kwa asilimia 7, hata mfereji wa nanomita 50 una vizuizi zaidi ya kumi. Chembe ni ndogo, picha ya hadubini ni nzuri ya kupendeza, na seli haifanyi kazi. Dawa ni kupandisha joto la chombo hadi nyuzi 180 au zaidi, kisha kuchoma zao pamoja na glukosi katika nitrojeni kwa saa chache, ili kasoro zilizobaki zipungue na kaboni ipatikane kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tanuru hatujaliepuka. Tumepunguza saa zake. Chombo kisijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kisifunguliwe kabla hakijapoa kabisa.

Mwenye kipimo cha eksirei anaweza kuzikagua kasoro hizo bila kifaa kingine. Fuwele nzuri ina vipimo vya karibu ångström 10.33, 6.01 na 4.69, na ujazo wake ni kama ångström za ujazo 291. Ujazo ukipanda hadi 293 au 294, kuna chuma mahali pasipo pake.

Na tone la mwisho: weka asidi askobiki, yaani vitamini C, kidogo ndani ya maji kabla ya kumimina salfati ya chuma. Inazuia chuma kisipate kutu katika dakika zile chache unapochanganya. Mpangilio nao una maana. Mimi huchanganya salfati na asidi kwanza, kisha ndipo hidroksidi ya lithiamu huingia polepole, kwa sababu chuma kikikutana na alkali bila fosfati, hidroksidi ya chuma hutuama na kuanza kubadilika rangi mbele ya macho yako.

#6 Fundi Chaja

Wakuu, mimi si mkemia, natengeneza betri za bodaboda za umeme. Ninafungua pakiti za aina hii, seli 16 kwa msururu, volti 51.2. Wateja hunilalamikia kwamba pakiti hii ni kubwa na nzito kuliko ile ya aina ya nikeli yenye nishati sawa. Nimekuwa nikiwaambia ni volti ndogo ya seli, 3.2 badala ya 3.6. Je, huo unga wa nano nao unahusika?

#7 Mpishi wa Unga

Unahusika sana, mkuu, na nafurahi swali hili limetoka kwa mtu anayeshika seli kila siku. Volti ni sehemu ya jibu, na uwezo wa kila gramu ni sehemu nyingine, kwani kathodi za nikeli hubeba zaidi. Densiti ni ya tatu. Fuwele ya LiFePO4 ina gramu 3.6 kwa sentimita ya ujazo, ilhali ile ya oksidi ya kobalti na lithiamu ina kama 5.1. Halafu unga wa nano haushindiliki kama unga wa chembe kubwa. Jaza kikombe kwa mchele, kisha kingine kwa unga wa sembe uliopepetwa bila kugongwa, upime: unga hubeba hewa nyingi. Kila chembe ya nano ina kaboni yake, hewa yake na gundi yake, na vyote hivyo vinachukua nafasi ndani ya seli bila kuhifadhi chaji.

Watengenezaji wa unga wa kibiashara hulitatua hili kwa kuzikusanya chembe ndogo katika vidonge vya mviringo vya mikromita kadhaa. Rojo ya chembe na sukari hunyunyizwa kama ukungu ndani ya chumba cha hewa ya moto, kila tone likikauka na kuwa kidonge, kisha vidonge huchomwa. Lithiamu bado ina safari fupi ndani ya kila chembe, na elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya seli, hupenya katika matundu ya kidonge, lakini unga humiminika na kushindiliwa vizuri. Mimi nalipa jambo hili uzito kuliko wengi: makala nyingi husifu uwezo wa kila gramu uliopimwa kwenye tabaka jembamba mno la unga, na hazisemi ni gramu ngapi ziliingia katika kila sentimita. Mteja wako analipia sentimita.

Kuhusu usalama, wateja wako wana la kushukuru. Oksijeni katika fosfati imefungwa na fosforasi kwa nguvu, na haitoki kwa urahisi seli ikipata joto, tofauti na kathodi za oksidi. Hiyo si ruhusa ya kuipitisha volti 3.65 kwa kila seli wakati wa kuchaji.

#8 Mwana Kolwezi

Jambo, ndugu. Niko Lualaba, ambako kobalti inatoka ardhini karibu na nyumba zetu. Ikiwa nano inasaidia namna hii, kwa nini wasitengeneze kathodi za kobalti na nikeli nazo kwa chembe za nano? Zingekuwa na kasi zaidi.

#9 Mpishi wa Unga

Jambo sana, ndugu. Swali lako linagusa kosa ninaloliona hata kwenye maandiko ya watu wazima: kudhani nano ni dawa ya kila kathodi.

Oksidi ya kobalti, na ndugu zake zenye nikeli na manganizi, hupitisha elektroni vizuri kuliko fosfati, na lithiamu yake hutembea katika tabaka pana, si katika kichochoro. Njaa iliyotulazimisha kusaga fosfati haiko kwao. Badala yake wana ugonjwa wa uso: wakiwa wamechajiwa, uso wao hugombana na elektroliti, na ule wenye nikeli nyingi hupoteza oksijeni. Ukiongeza uso mara mia, umeongeza ugomvi mara mia. Ndiyo maana unga wao wa kibiashara ni vidonge vya mikromita nyingi, na siku hizi wengine wanaelekea kwenye fuwele moja moja za mikromita chache.

Manganizi ni mfano wenye uchungu zaidi. Spineli ya LiMn2O4, ambayo Michael Thackeray wa Afrika Kusini aliifanyia kazi pamoja na Goodenough huko Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ya bei nafuu na ina kasi. Lakini chumvi ya LiPF6 ndani ya elektroliti ikikutana na chembechembe za maji hutoa asidi ya haidrofloriki, asidi hiyo huyeyusha manganizi kutoka kwenye uso, na manganizi iliyoyeyuka husafiri hadi anodi, yaani upande hasi wa seli, na kuiharibu. Chembe ya nano huyeyuka haraka kuliko kubwa. Fosfati ya chuma inavumilia udogo kwa sababu volti yake iko ndani ya mipaka ambayo elektroliti inaistahimili.

#10 Binti Maabara

Mwalimu, nimerudi baada ya majuma matano. Kiungo cha mpira kilikuwa kinavuja kama ulivyosema. Unga sasa ni mweusi, eksirei ni safi. Nilitumia mlinganyo wa Scherrer kwenye kilele cha nyuzi 35.6: upana ulikuwa nyuzi 0.25 baada ya kutoa upana wa kifaa, nikapata nanomita 33. Nilitengeneza rojo ya unga, kaboni nyeusi na gundi ya PVDF kwa uwiano wa 80:10:10, nikaipaka kwenye karatasi ya alumini, nikaunda seli za sarafu ndani ya sanduku la glavu, lithiamu ikiwa upande wa pili. Kwa kasi ya C/10, yaani ya kumaliza chaji kwa saa kumi, nilipata mAh 142 kwa gramu. Kwa 1C, yaani kwa saa moja, nilipata 58 tu. Ikiwa chembe ni za nanomita 33, kwa nini inachoka hivi? Glukosi nilitia gramu 0.5 kwa gramu 10 za zao.

#11 Mpishi wa Unga

Hongera sana, binti. Kupata 142 katika seli za kwanza ni kazi ya kuheshimiwa, na umeandika vipimo kwa namna ambayo mtu wa mbali anaweza kukusaidia.

Kwanza, nanomita 33 si ukubwa wa chembe. Mlinganyo wa Scherrer unapima sehemu ya fuwele iliyopangika bila kukatika, na chembe moja inaweza kuwa na sehemu nyingi za aina hiyo zilizoungana. Piga picha kwa hadubini ya elektroni kabla hujaandika neno nano kwenye tasnifu. Nadhani utakuta madonge ya nanomita mia mbili au tatu yaliyoshikana.

Pili, nina shaka na kaboni. Katika nitrojeni, glukosi haiachi kaboni yake yote. Katika tanuru langu hubaki kama sehemu moja ya tano ya uzito wa glukosi. Gramu 0.5 zingekupa gramu 0.1, yaani asilimia moja. Ile kaboni nyeusi uliyoitia kwenye rojo haiwezi kufidia, kwa sababu inagusa madonge kwa nje tu. Kasi ndogo huisamehe kathodi isiyo na kaboni ya kutosha, na 1C haisamehi.

Unaweza kuhakikisha kwa mizani ya joto. Pasha unga hewani hadi nyuzi 700. Hapo mambo mawili hutokea pamoja: kaboni huungua na uzito hupungua, chuma hupata oksijeni na uzito huongezeka. LiFePO4 safi ingeongezeka uzito kwa asilimia 5.07. Toa ongezeko ulilolipata kutoka 5.07, gawanya kwa 1.0507, na hiyo ndiyo asilimia ya kaboni. Wengi huona uzito umepanda wakadhani mizani imeharibika.

#12 Binti Maabara

Uzito uliongezeka kwa asilimia 4.1, Mwalimu. Kwa hesabu yako kaboni ni asilimia 0.92. Na picha zinaonyesha madonge ya nanomita 250 hadi 400, mengine yamevikwa, mengine ni meupe kabisa.

#13 Mpishi wa Unga

Basi tumelipata. Haya meupe ndiyo yaliyolala wakati wa 1C.

Fanya hivi kwenye fungu jipya, usilirudie lile la zamani. Baada ya uchomaji wa nyuzi 350, pima unga unaolingana na gramu 10 za zao na utie gramu 1.5 za glukosi, ili ubaki na kaboni karibu asilimia 3. Yeyusha glukosi katika maji kidogo kwanza, uongeze ethanoli, kisha usage vyote pamoja kwa saa nne, kwa sababu glukosi kavu huyeyuka tanuruni na kutiririka hadi chini ya bakuli, ikivika chembe za chini na kuziacha za juu. Kausha ukikoroga mpaka mwisho, isije ikajitenga pembeni. Tandaza unga kwa tabaka jembamba, panda kwa nyuzi 2 kila dakika hadi 660, kaa saa nane. Vaa barakoa ya chembe ndogo unapoutoa, si ile ya kitambaa, na rojo ya gundi iandaliwe kwenye kabati la moshi, kwani kiyeyushi cha NMP kina madhara kwa uzazi.

Tengeneza seli tatu, si moja, na uandike uzito wa unga kwenye kila sentimita mraba. Usipime 1C kabla ya mizunguko mitatu ya C/10. Ukimaliza, weka hapa picha ya hadubini na mstari wa volti wa kila kasi, hata kama haukupendezi. Mzee Kemia, nakuomba nawe umtumie vipimo vya chombo chako cha maji moto, ili alinganishe mafungu mawili kwenye mizani ile ile.

#14 Mzee Kemia

Nimeshamtumia. Nyuzi 190, saa sita, na maji ya kuoshea nimemwambia ayaweke kwenye dumu.